Maswali na Majibu ya Macho: Kamera Imefika Kliniki, Nani Atasoma Picha?

Kamera za retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) zimeanza kuonekana nje ya hospitali kubwa, na barua tunazopokea zimebadilika. Zamani mlituuliza kisukari kinaharibuje macho. Siku hizi wanaotuandikia ni wauguzi, maafisa wa kliniki na wanafunzi waliokabidhiwa picha na kuambiwa wazisome. Safari hii tumezipa barua hizo ukurasa wote. Majibu yametolewa na wataalamu wa macho wanaofundisha kazi hiyo.

Shikamooni. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari mkoani Kilimanjaro. Tumeletewa kamera na mganga mfawidhi anataka wauguzi wawili tusome picha wenyewe, kwa kuwa bingwa wa macho huja mara moja kwa mwezi. Je, muuguzi anaweza kuaminiwa na kazi hii, au tutawapotosha wagonjwa?

Marahaba, dada. Anaweza kabisa. Uingereza ilianzisha mpango wake wa taifa wa kupiga picha za retina mwaka 2003, na wengi wa wanaozisoma si madaktari. Takwimu za England na Wales za mwaka 2009 hadi 2010 zilionyesha jambo ambalo halikuwa limetokea kwa angalau miaka hamsini: ugonjwa wa retina unaoletwa na kisukari haukuwa tena sababu ya kwanza ya upofu ulioandikishwa miongoni mwa watu wa umri wa kufanya kazi. Watafiti waliona kwamba huenda uchunguzi huo wa picha na udhibiti bora wa sukari vilichangia.

Hata hivyo mweleze mganga mfawidhi mapema mipaka ya kazi. Msoma picha anajibu maswali matatu tu. Picha inasomeka? Dalili za kisukari zipo, na zimefikia daraja gani? Mgonjwa arudi kwa picha nyingine baada ya muda wa kawaida, au aende kwa bingwa, na ndani ya muda gani? Presha ya jicho haipimwi kwa picha hii. Mgonjwa anayesema ameanza kuona giza ghafla, au vitu vyeusi vinavyoelea, au jicho linamuuma, apewe rufaa hata kama picha yake ni safi kama ya mtoto.

Semina ya siku mbili haitoshi, na tunalisema hili kwa uzito kwa sababu ndivyo vituo vingi vinavyoanza. Mpangilio tunaoupendekeza ni huu: kwanza mjifunze umbo la retina na namna sukari inavyoharibu vishipa vyake, kisha mkae na mtu anayejua, msome pamoja naye, kisha kila mmoja asome peke yake seti ya picha zisizopungua 200 ambazo majibu yake yanajulikana, akionyeshwa kosa lake papo hapo kila anapokosea, halafu mtihani. Mkifaulu, kwa miezi ya mwanzo kila picha isomwe na nyote wawili bila mmoja kuona jibu la mwenzake, na zile mlizotofautiana zimsubiri bingwa. Zile mnazodhani ni za haraka zisimsubiri mpaka aje. Mpigieni simu siku hiyo hiyo.

Hamjambo wahariri. Ni afisa wa kliniki wa macho, Kisumu. Vitabu vingine vinaandika R1, M1, vingine vinasema hatua ya mwanzo, ya kati, kali. Tufuate upi?

Hatujambo. Mifumo ni miwili na yote ni mizuri. Ubaya ni kuichanganya kwenye kituo kimoja, halafu rejista isieleweke.

Mfumo wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003 una ngazi tano: hakuna ugonjwa, hatua ya mwanzo, ambapo kuna vivimbe vidogo vya vishipa (maikroaneurizimu) peke yake, ya kati, ambapo kuna zaidi ya vivimbe lakini haijafikia kali; kali; na ya vishipa vipya vinavyoota. Hatua kali hutambuliwa kwa kanuni ya 4-2-1: mivujo ya damu zaidi ya 20 katika kila robo ya robo zote nne za retina, au vena zenye vifundo kama shanga katika robo mbili au zaidi, au IRMA iliyo dhahiri katika robo moja au zaidi. IRMA ni vishipa vilivyopindapinda ndani ya retina penyewe, na tutavirudia hapa chini. Moja kati ya hayo matatu linatosha. Uvimbe wa makula (sehemu ya katikati ya retina inayoona kwa ukali zaidi) hupimwa kando, kwa kipimo chake.

Mfumo wa Uingereza ni wa herufi. R0 ni safi. R1 ni vivimbe, mivujo ya damu na eksudeti (mafuta na protini zilizovuja), na pia madoa ya pamba (madoa meupe yenye kingo zilizochanguka) yakiwa pamoja na dalili hizo, ingawa ukiyaona inakupasa utafute kwa makini dalili za R2. R2 ni vena zenye vifundo, IRMA, au mabaka mengi ya damu ya mviringo. R3 ni vishipa vipya au matokeo yake: A ikiwa vinaendelea, S ikiwa vimetulia baada ya matibabu. M1 ni makula iliyo hatarini. U ni picha isiyosomeka.

Kwa kituo kinachotegemea picha mbili bapa kwa kila jicho, sisi tunapendelea herufi, kwa sababu M1 ina vipimo ambavyo mtu asiye daktari anaweza kuvifuata kwa rula ya kompyuta. Kipimo ni kipenyo cha diski, yaani upana wa kichwa cha neva ya jicho, ambao ni kama milimita 1.5. Eksudeti yoyote iliyo ndani ya kipenyo kimoja cha diski kutoka katikati ya fovea (kitovu cha makula) ni M1. Kundi la eksudeti ndani ya makula lenye eneo la nusu ya diski au zaidi ni M1. Kivimbe au damu iliyo ndani ya kipenyo hicho kimoja ni M1 pale tu jicho linaposoma 6/12 (kwa mita 6 linasoma kile ambacho jicho zima husoma kwa mita 12) au chini ya hapo na hakuna sababu nyingine inayoeleza. Ndiyo maana kupima uwezo wa kuona hakuwezi kurukwa: bila namba hiyo, sharti la tatu halina jibu.

Kuhusu muda, mwongozo wa Baraza la Kimataifa la Oftalmolojia unataka hatua kali ifike kwa bingwa ndani ya miezi 3 na vishipa vipya ndani ya mwezi 1. Daktari wa kaunti akifupisha muda huo kwa sababu anajua wagonjwa wake hupotea njiani, amefanya vyema.

Habari zenu. Nasomea optometria, Dar es Salaam. Nikipewa picha macho yangu hukimbilia kitu kikubwa na kuviacha vidogo. Pia nimekosolewa mara nyingi kwa kuita druseni eksudeti. Naomba utaratibu.

Nzuri. Swali lako ndilo kiini cha mafunzo yote, kwa hiyo tutalijibu kwa kirefu.

Anza kabla ya kutafuta ugonjwa. Hakikisha ni jicho gani: katika picha ya jicho la kulia, diski iko upande wa kulia wa makula unapoitazama, ya kushoto, upande wa kushoto. Majina ya faili hubadilishana mara nyingi kuliko watu wanavyokiri, na rufaa ya leza kwa jicho lisilo lenyewe ni kosa linaloanzia hapo. Kisha amua kama picha inasomeka, kabla hujaanza kupenda ulichokiona ndani yake. Katika picha ya makula, fovea iwe karibu na katikati na vishipa vyembamba vilivyo jirani nayo vionekane. Katika picha ya diski, vishipa vyembamba vilivyo juu ya uso wa diski vionekane.

Sasa soma kwa njia ile ile kila mara. Diski kwanza, kwa sababu vishipa vipya juu yake ndivyo hatari zaidi na huweza kuwa vyembamba kama uzi. Fuata mshipa mkubwa wa juu upande wa sikio mpaka ukingo wa picha, rudi. Wa chini upande wa sikio, rudi. Kisha miwili ya upande wa pua. Unapoifuata vena, angalia kama unene wake ni ule ule au inabana na kutanuka. Mwisho ingia makula, ikuze mpaka saizi halisi ya picha, upite kila sehemu taratibu. Makula tunaiweka mwisho kwa makusudi: ukianzia hapo ukakuta eksudeti, macho huridhika na robo nyingine hazisomwi sawasawa.

Baada ya rangi ya kawaida, rudia yote kwa picha ya kijani, ile iliyoondolewa wekundu. Damu na vivimbe hugeuka vyeusi na kujitokeza. Doa jeusi la rangi lililo chini ya retina hufifia au kupotea kabisa, na hiyo ndiyo njia nyepesi ya kulitenganisha na damu.

Kivimbe au damu? Kivimbe ni nukta nyekundu yenye kingo kali, ndogo kuliko upana wa vena pale inapovuka ukingo wa diski, ambao ni kama maikromita 125. Ikizidi hapo, iite damu. Ikiwa hujaamua, kwenye mfumo wa herufi usipoteze dakika kumi: zote mbili ni R1. Kwenye mfumo wa kimataifa tofauti hiyo inabadilisha daraja, basi kadiria kwa rula.

Druseni na eksudeti zote ni za manjano, na hapa wengi hujikwaa. Eksudeti ni mafuta na protini zilizovuja. Zina mng'ao wa nta, kingo zilizokatika, na hupenda kujipanga kwa pete au nusu pete kuzunguka kivimbe kinachovuja. Tafuta kivimbe hicho katikati ya pete. Ukikipata, jibu umelipata. Druseni ni duara zaidi, kingo zake laini, rangi imepauka, ziko chini zaidi, zinatapakaa bila kufuata vishipa, na mara nyingi macho yote mawili yanafanana. Mgonjwa mwenye umri mkubwa, asiye na damu wala kivimbe hata kimoja, mwenye vidoa vingi vya manjano vilivyolingana, ana druseni mpaka ithibitike vinginevyo.

Madoa ya pamba ni meupe yenye kijivu, kingo zake zimechanguka, na hufunika kishipa kinachopita chini yake. Presha ya damu na VVU nazo huyaleta, kwa hiyo yakiwa mengi na dalili za kisukari ni chache, mwambie daktari wa mgonjwa apime presha na kuuliza hali ya VVU. Usiyachanganye na nyuzi nyeupe za neva ambazo watu wengine huzaliwa nazo: hizo zina umbo la unyoya, nyingi zimeshikana na diski na hazibadiliki mwaka hadi mwaka.

Vijana wana mng'ao wa fedha unaozunguka makula na kufuata mishipa, na kwenye retina zetu zenye rangi nzito unaonekana sana. Wanafunzi huuita uvimbe, au eksudeti. Linganisha picha mbili za jicho hilo hilo: mng'ao huhama pembe ya kamera inapobadilika, ugonjwa hauhami. Vidoa vyeupe vinavyoelea mbele ya mishipa, vikiwa haviko kwenye fokasi wakati mishipa iko, ni chembe za ndani ya ute wa jicho na kwa kawaida hazina madhara, ila zinaweza kuficha retina mpaka picha ikawa U.

Lililo gumu kuliko yote ni kutofautisha IRMA na vishipa vipya, kwa sababu moja ni R2 na nyingine ni R3, na muda wa rufaa unatofautiana. IRMA iko ndani ya retina: imepindapinda, lakini haipandi juu ya mshipa mkubwa. Vishipa vipya viko juu ya uso. Huvuka mishipa mikubwa bila kujali, hutengeneza mtandao au kitanzi kinachorudi kilikotoka, na pengine vina utando mweupe pembeni. Ukivuta picha ya kijani ukaona kijishipa kinakatiza juu ya vena, andika R3A. Ukibaki na shaka ya kweli baada ya hapo, chagua daraja la juu na uandike kwamba una shaka. Bingwa atasamehe rufaa moja ya ziada. Jicho lililojaa damu haliwezi kurudishwa nyuma.

Jambo moja la mwisho kwako: makovu ya leza. Ni duara zilizopauka zenye weusi, zimepangwa kwa safu. Ukiyaona, mgonjwa huyu alishatibiwa. Tafuta rekodi ya zamani kabla ya kuandika chochote.

Assalaam alaykum. Mimi ni fundi wa kamera hospitalini Unguja. Picha nyingi zinarudishwa kuwa hazisomeki, nami naona kamera iko sawa. Tatizo liko wapi?

Waalaykum salaam. Tazama picha zenyewe, zinasema.

Giza la duara pembeni zote, katikati kuna mwanga: mboni ni ndogo. Kamera nyingi zisizohitaji dawa zinataka mboni ya milimita 4 hivi, na watu wazima wengi wenye kisukari cha muda mrefu hawafiki hapo hata chumba kikiwa giza. Tia tropikamidi ya asilimia 1, tone moja, subiri dakika 15 hadi 20. Ukiona mwezi mwandamo wa rangi ya chungwa au weupe upande mmoja, kamera haikulenga katikati ya mboni au umekaribia mno. Sogeza kidogo kuelekea upande wa pili. Mistari myeusi au ya kijivu upande wa chini au juu ni kope: mwambie afumbue wazi, na ikibidi inua kope ya juu kwa kidole bila kukandamiza jicho. Kidoa kilekile mahali palepale kwa kila mgonjwa ni vumbi au alama ya kidole kwenye lenzi. Puliza kwanza kwa mpira wa kupulizia, kisha karatasi ya lenzi; ukianza kwa kufuta bila kupuliza, vumbi lenyewe linachora kioo. Hapo Unguja, pamoja na chumvi na unyevu wa bahari, kagua lenzi kila asubuhi na kamera isilale bila kifuniko.

Picha ya pili imetoka nyeusi wakati ya kwanza ilikuwa nzuri? Mwanga wa kwanza umebana mboni, na ya jicho la pili hubana pamoja nayo. Bila dawa, ngoja dakika chache gizani kati ya picha na picha. Pia retina yenye rangi nzito humeza mwanga zaidi, kwa hiyo ongeza nguvu ya mwanga ngazi moja kuliko ile iliyowekwa kiwandani.

Ukungu ulioenea sawasawa, dawa imetiwa na mboni ni pana, kwa kawaida ni mtoto wa jicho. Hapo usirudie picha mara kumi. Andika U na umpe mgonjwa rufaa: picha isiyosomeka ni sababu ya kumwona bingwa, kwa kuwa hatujui nyuma ya ukungu kuna nini.

Na tafadhali, picha zisitumwe kwa WhatsApp kama picha za kawaida. Programu huzibana, na vinavyopotea kwanza ni vile vivimbe vidogo tunavyovitafuta. Ikiwa hakuna njia nyingine kwa siku hiyo, zitume kama faili, bila jina la mgonjwa, kwa namba ya utambulisho tu.

Ndugu wahariri, nasimamia huduma za kisukari katika kaunti moja ya pwani ya Kenya. Tulifunza wahudumu sita, kila mmoja akapata cheti. Nitajuaje kama wanaweza kazi?

Cheti hakikwambii. Wape seti moja ya picha ambazo majibu yake yameamuliwa na bingwa, ikiwezekana mabingwa wawili waliokubaliana, na uhesabu.

Tuseme seti ina macho 200. Kati yake 50 yanahitaji rufaa na 150 hayahitaji. Mhudumu amepeleka rufaa 44 kati ya yale 50: uwezo wake wa kunasa wagonjwa ni 44 kugawa kwa 50, yaani asilimia 88. Kati ya yale 150, amepeleka rufaa 12 bila sababu na kuyaacha 138: uwezo wake wa kuwaacha wasiohitaji ni asilimia 92. Kigezo kilichotumika kwa muda mrefu Uingereza ni angalau asilimia 80 kwa la kwanza na 95 kwa la pili. Mhudumu huyu ananasa vizuri, ila anajaza kliniki ya bingwa kupita kiasi. Usimwambie tu "ongeza bidii". Fungua zile 12 uone ni nini: zikiwa nane kati yake ni druseni, unajua cha kumfundisha Jumatatu.

Usikubali alama ya jumla. Katika picha 100 ambazo 90 ni safi, mtu anayeandika "safi" kwenye zote bila kuzitazama atapata asilimia 90. Kipimo cha kapa huondoa makubaliano ya bahati, na mtu huyo kapa yake ni sifuri. Kati ya wasomaji wawili, kapa ya 0.61 hadi 0.80 huhesabiwa nzuri na zaidi ya hapo nzuri sana. Kwa madaraja yanayopanda ngazi tumia kapa yenye uzito, ili kuita R1 kuwa R3 kuhesabiwe kosa kubwa kuliko kuita R1 kuwa R2.

Seti yenyewe iandae kwa makini. Ukichukua picha za kliniki jinsi zilivyo, R3 zitakuwa chache mno; mwenye picha kumi tu za rufaa akikosa moja zaidi, alama yake inashuka kwa asilimia kumi nzima, na hujui kama ni uzembe au bahati mbaya. Ongeza za ugonjwa mpaka zifike 50 hivi, weka na zisizosomeka, weka druseni, makovu ya leza na mng'ao wa vijana. Changanya mpangilio kwa kila mhudumu. Seti ya mtihani isiwe ile waliyojifunzia: watu hukumbuka picha kuliko tunavyodhani.

Baada ya hapo kazi inaendelea. Uingereza wasoma picha hupewa seti ya majaribio ya picha za wagonjwa 20 kila mwezi na hutakiwa kushiriki angalau miezi 10 kwa mwaka. Picha zote zenye ugonjwa husomwa na mtu wa pili, pamoja na asilimia 10 ya zile zilizoitwa safi. Hiyo asilimia 10 ndiyo tunayokuomba usiiache hata bajeti ikibana. Mgonjwa aliyepelekwa rufaa bila sababu atagunduliwa na bingwa kesho yake. Aliyeambiwa yuko safi naye si safi, hakuna atakayemwona mpaka mwaka ujao. Angalia pia idadi: msoma picha anayesoma kidogo hupoteza ujuzi, na kule Uingereza walihitaji angalau seti za wagonjwa 1000 kwa mwaka. Kama kaunti yako haina wagonjwa wa kuwatosha sita, bakiza wasoma picha wawili na wanne wapige picha.

Wakae pia mahali pazuri: kompyuta yenye skrini kubwa na safi, si simu, chumba chenye mwanga hafifu, dirisha lisiwe nyuma yao. Wasipewe kusoma mwisho wa zamu baada ya kuhudumia foleni nzima.

Muuguzi wa kliniki ya wajawazito, Mbeya: Mama mwenye kisukari tangu kabla ya ujauzito apigwe picha lini?

Mara anapoanza kliniki, na tena wiki ya 28. Picha ya kwanza ikionyesha ugonjwa wowote, ongeza nyingine kati ya wiki ya 16 na ya 20. Ujauzito unaweza kuusukuma ugonjwa wa retina haraka, kwa hiyo ratiba ya kila mwaka haimfai. Mama aliyepata kisukari cha ujauzito peke yake hayumo kwenye ratiba hii.

Naandika kutoka Kigali. Wenye programu za akili bandia wanatuambia mafunzo ya wasoma picha hayana haja tena. Ni kweli?

Programu ni nzuri na zitazidi kuwa nzuri. Mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa iliidhinisha ya kwanza inayotoa jibu bila daktari Aprili 2018. Na kwenu Rwanda kulifanyika jaribio lililochapishwa 2022: wagonjwa waliopewa jibu la rufaa papo hapo kwa msaada wa programu walikwenda kwa bingwa asilimia 51.5, na waliosubiri jibu la binadamu kwa siku kadhaa asilimia 39.6. Tofauti hiyo ni kubwa na tunaifurahia kwa dhati. Jibu la papo hapo, mgonjwa akiwa bado kitini, lina nguvu ya pekee.

Lakini soma pia ya Thailand, iliyochapishwa 2020. Kwenye kliniki halisi, kati ya picha 1838 zilizoingizwa, programu ilikataa asilimia 21 kwa ubora hafifu, nyingi zikiwa zimepigwa kwenye vyumba visivyo na giza la kutosha. Nani atajua kwamba hiyo ni mboni ndogo na si mtoto wa jicho? Nani ataona kwamba jicho la kulia limeandikwa kushoto, au kwamba programu imeita makovu ya leza ugonjwa mpya? Nani atakagua ile asilimia 10 ya majibu safi? Ni mtu aliyefunzwa kusoma. Nunueni programu, na mpunguze idadi ya picha anazosoma mtu huyo, lakini msimwondoe. Na kabla ya kununua, ipeni programu ile ile seti ya macho 200 mliyowapa watu, mhesabu vile vile.

Msomaji wa Tanga: Dawa ya kutanua mboni ina hatari? Wagonjwa wetu wengi huja kwa bodaboda wenyewe wakiendesha.

Tropikamidi hutanua kwa saa 4 hadi 6, na kwa muda huo mwanga utaumiza na maandishi ya karibu yatakuwa na ukungu. Asiendeshe pikipiki, gari wala mashine siku hiyo. Mwambieni jambo hili siku mnapompa miadi, si baada ya kumtia tone. Aje na mtu, na kofia au miwani ya jua. Pimeni uwezo wa kuona kabla ya dawa, kila jicho peke yake, kwa miwani yake ya mbali kama anayo, na asipofika 6/12 rudieni kwa kadi yenye tundu.

Hatari ya kweli ni ndogo: kwa watu wachache wenye kona nyembamba ndani ya jicho, presha ya jicho hupanda ghafla. Ulizeni kama aliwahi kuambiwa hivyo, na msimtie kama jibu ni ndiyo mpaka bingwa aseme. Kila mgonjwa aondoke na maneno haya: jicho likianza kuuma sana, kuwa jekundu, kuona duara za rangi kuzunguka taa, au akitapika, arudi hospitali usiku huo huo. Andikeni kwenye kadi yake na namba ya simu ya zamu, kwa herufi kubwa, maana hataweza kusoma ndogo.